Ifahamu kuvu na maradhi inayowaletea binadamu

MKATE ukisahauliwa kabatini kwa siku kadhaa, hasa msimu wa mvua, huota manyoya ya kijani au meusi. Mwenye nyumba huutupa na kununua mwingine, pengine bila kujua kwamba kiumbe kilichomharibia kiamshakinywa ni cha ukoo mmoja na kile kinachowatoa watoto mapunye kichwani, kinachowawasha watu wazima katikati ya vidole vya miguu, na ambacho kila mwaka huua maelfu ya watu wanaougua Ukimwi kwa kushambulia ubongo wao.

Kiumbe hicho ni kuvu, ambayo wengi siku hizi huiita fangasi. Licha ya kuishi nayo mchana na usiku, ni wachache miongoni mwetu wanaoielewa. Matokeo yake ni kuwa mtu anapougua maradhi ya kuvu, aghalabu hukimbilia dawa isiyofaa. Mmoja hununua vidonge vya kuua bakteria, mwingine hujipaka krimu inayotuliza mwasho huku ikiipa kuvu nafasi ya kuenea. Ili kuelewa ni kwa nini dawa hizo hazisaidii, yafaa kwanza kujua kuvu ni nini.

Si mmea, si mnyama

Kwa karne nyingi wasomi waliiweka kuvu katika kundi la mimea kwa sababu haitembei na huota ardhini. Mnamo 1969 mwanasayansi Mmarekani Robert Whittaker alipendekeza mpangilio wa viumbe ulioipa kuvu himaya yake yenyewe, na hivyo ndivyo inavyofundishwa hadi leo.

Tofauti na mmea, kuvu haiwezi kujitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua. Tofauti na mnyama, haina kinywa wala tumbo. Hula kwa njia ya pekee: hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikakiyeyusha chakula pale pale kilipo, kisha ikakifyonza. Ndiyo maana gogo lililoanguka msituni huoza polepole likawa udongo. Bila kazi hiyo, majani makavu na miti iliyokufa ingerundikana na rutuba isirudi ardhini.

Kuvu nyingi zina umbo la nyuzi nyembamba mno zinazotambaa na kusukana kama utando. Uyoga tunaouchuma baada ya mvua ni tunda tu. Mwili wenyewe umejificha chini ya ardhi. Nyingine, kama vile hamira, ni seli moja moja zinazozaana kwa kuchipuka. Nyingi huenezwa na chembechembe ndogo ziitwazo spora, ambazo hupeperushwa na upepo na ambazo kila mmoja wetu huzivuta anapopumua.

Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina aina zipatazo 150,000 za kuvu, na wanakadiria kuwa zilizopo duniani huenda zikapita milioni mbili. Kati ya hizo zote, ni mamia machache tu zinazojulikana kuwaletea binadamu maradhi. Nyingine ni rafiki zetu wakubwa. Hamira huumua mkate na mandazi. Penisilini, dawa iliyookoa mamilioni ya watu, iligunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka wa 1928 kutoka kwa kuvu iliyoota kwa bahati katika sahani ya maabara.

Kuna sababu mbili kuu zinazotukinga. Ya kwanza ni joto la mwili: kuvu nyingi hupenda mahali penye baridi kiasi na haziwezi kukua katika nyuzijoto 37. Vyura, ambao miili yao haina joto hilo, hawana ngome hiyo, na kuvu moja ya ngozi imeangamiza aina nyingi za vyura katika mabara kadhaa. Ya pili ni kinga ya mwili, yaani zile seli za damu zinazoila spora kabla haijaota. Kinga hiyo inapodhoofika, kuvu iliyokuwa mpangaji mpole hugeuka kuwa mvamizi.

Jamaa wa karibu asiyetakikana

Jambo linalowashangaza wengi ni kuwa, kwa nasaba, kuvu ina uhusiano wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Seli yake ina kiini kama seli ya binadamu, na shughuli nyingi ndani yake zafanana na zetu. Bakteria, kwa upande mwingine, ni viumbe wa mbali sana nasi.

Hapa ndipo ugumu wa tiba unapoanzia. Penisilini huvunja ukuta wa bakteria bila kutudhuru kwa sababu seli zetu hazina ukuta wa namna ile. Lakini sumu ya kuua kuvu huenda ikamdhuru pia mgonjwa mwenyewe. Watafiti wamelazimika kutafuta zile tofauti chache zilizopo. Mojawapo ni ukuta wa kuvu, ambao una kitini, kitu kile kile kinachopatikana katika gamba la mende na la kamba wa baharini. Nyingine ni mafuta ya ergosteroli katika utando wa seli yake, mahali ambapo seli zetu zina kolesteroli. Karibu dawa zote muhimu za kuvu hulenga mojawapo ya sehemu hizo.

Inafaa kukumbuka kwamba kuvu ilikuwa miongoni mwa vijidudu vya kwanza kuthibitishwa kuwa chanzo cha maradhi. Mwaka wa 1835 Agostino Bassi wa Italia alionyesha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri ulisababishwa na kuvu. Miaka ya 1840 daktari David Gruby, akiwa Paris, alieleza kuvu zinazosababisha magonjwa ya ngozi ya kichwa. Hata hivyo, dawa zilichelewa. Mnamo 1950 wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, waligundua nistatini, ambayo ilipewa jina kutokana na jimbo lao la New York na ingali inatumika.

Choa, mapunye na mba

Maradhi ya kuvu yanayoonekana zaidi ni yale ya ngozi, nywele na kucha. Husababishwa na kundi la kuvu linalokula keratini, yaani ile protini ngumu iliyo katika sehemu hizo tatu. Kwa kuwa sehemu hizo za juu hazina uhai, kuvu hizi haziingii ndani ya mwili wa mtu mwenye afya.

Choa huanza kama kipele kinachowasha, kisha hupanuka na kuwa duara lenye ukingo mwekundu au mweusi ulioinuka, huku katikati pakionekana kama panapona. Ndiyo sababu watoto wengi nchini huiita mashilingi. Licha ya jina lake la Kiingereza kutaja mnyoo, hakuna mnyoo wowote ndani yake.

Inapoingia kichwani mwa mtoto huleta mapunye: nywele hukatika, mabaka yenye magamba yakabaki, na wakati mwingine kukawa na uvimbe wenye usaha. Huambukizwa kwa kuchangia vitana, kofia, taulo na mashine za kinyozi zisizosafishwa. Watu pia huambukizwa na paka, mbwa na hata ndama, kwa hivyo si ajabu wafugaji kuipata mikononi.

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kumpaka mtoto mwenye mapunye krimu pekee. Krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele ilikojificha kuvu. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kama vile griseofulvini au terbinafini kwa wiki kadhaa, kwa maagizo ya daktari. Griseofulvini hufyonzwa vyema zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Kucha za miguu nazo hukua polepole, hivyo tiba yake huchukua miezi mitatu hivi, na kucha yenyewe hukawia zaidi kurejea hali yake.

Katikati ya vidole vya miguu, ngozi hulainika, ikachanika na kunuka, hasa kwa wanaovaa viatu vya kufunika mguu kutwa nzima: wanafunzi, walinzi, askari na wafanyakazi wa viwandani. Kwa mgonjwa wa kisukari, ufa huo mdogo waweza kuwa mlango wa bakteria na kidonda kisichopona.

Mba wa mwilini, yale mabaka meupe au ya kahawia ya kifuani, mgongoni na shingoni, huletwa na kuvu iitwayo Malassezia, ambayo huishi katika mafuta ya ngozi ya karibu kila mtu. Si dalili ya uchafu. Hata baada ya kutibiwa, mabaka hukaa miezi kadhaa kabla rangi ya ngozi haijarudi, na wengi hudhani kwa makosa kuwa dawa imeshindwa.

Tahadhari kuu hapa ni kuhusu krimu za steroidi zinazouzwa madukani. Mtu hujipaka, mwasho ukapungua siku ya pili, naye akadhani amepona. Kumbe steroidi imezituliza tu seli za kinga, na kuvu inaendelea kutanuka bila kipingamizi. Duara la choa hupoteza umbo lake, hata daktari akapata shida kuitambua. Matumizi ya namna hiyo yametajwa kuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia kuenea kwa aina sugu ya choa iliyoanzia kusini mwa Asia na ambayo sasa imeonekana katika nchi nyingi.

Kandida, mpangaji wa mwilini

Kandida ni kuvu ya jamii ya hamira inayoishi mdomoni, tumboni na ukeni bila kusumbua. Bakteria wazuri wa sehemu hizo huizuia isizidi. Mtu anapomeza dawa za bakteria ovyo, walinzi hao hufa na kandida ikapata uwanja. Ujauzito na kisukari kisichodhibitiwa pia huipa nafasi.

Inakadiriwa kuwa wanawake watatu kati ya kila wanne huipata kandida ya ukeni angalau mara moja maishani. Dalili zake ni mwasho mkali na ute mzito mweupe unaofanana na maziwa yaliyoganda. Haihesabiwi kuwa miongoni mwa magonjwa ya zinaa, na haifai kuwa chanzo cha shutuma baina ya mume na mke. Isitoshe, mwanamke anayejitibu kwa vidonge vya bakteria huenda akaizidisha badala ya kuiponya.

Mdomoni, kandida huonekana kama utando mweupe kwenye ulimi na mashavu ya ndani. Kwa mtoto mchanga ni jambo la kawaida na hutibika kwa urahisi. Anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi anaweza kujikinga kwa kusukutua mdomo kila anapomaliza. Lakini utando huo ukimpata mtu mzima bila sababu, hasa ukishuka kooni na kumfanya aumie akimeza, ni ishara kwamba kinga imeporomoka na ni vyema apimwe virusi vya Ukimwi.

Kuvu inapopenya ndani

Yaliyotajwa hadi hapa husumbua, yafuatayo huua. Mnamo Juni 1981 madaktari wa Marekani waliripoti kuhusu vijana watano wa Los Angeles waliopata homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza iliyochapishwa kuhusu maradhi ambayo baadaye yaliitwa Ukimwi. Kijidudu kilichowashambulia, Pneumocystis, wakati huo kilidhaniwa kuwa mnyama wa seli moja. Uchunguzi wa chembe zake za urithi mwaka wa 1988 ulidhihirisha kuwa ni kuvu. Kwa kuwa haina ergosteroli, dawa nyingi za kuvu haziiwezi. Badala yake hutibiwa na kuzuiwa kwa kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huijua kama Septrini. Ndiyo mojawapo ya sababu wanaoishi na virusi hivyo huagizwa kuimeza kila siku.

Hatari zaidi barani Afrika ni kriptokoka, Cryptococcus neoformans, inayopatikana udongoni, hasa penye kinyesi cha njiwa. Spora huvutwa hadi mapafuni na, kwa mtu mwenye kinga imara, hudhibitiwa humo. Kinga ikiisha, husafiri na damu hadi ubongoni ikaleta homa ya uti wa mgongo. Haianzi kwa kishindo. Mgonjwa huumwa na kichwa kwa siku nyingi au hata wiki, maumivu yasiyosikia dawa za kawaida, kisha hufuata homa, kutapika, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa. Wengine hutibiwa malaria mara mbili au tatu kabla mtu hajafikiria ubongo. Makadirio yaliyotolewa kuhusu mwaka wa 2020 yalionyesha kuwa ugonjwa huu uliua watu 112,000 duniani, sawa na takriban kifo kimoja katika kila vifo vitano vinavyotokana na Ukimwi.

Ugonjwa huu hugunduliwa kwa kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Familia nyingi huiogopa sindano hiyo na kuikataa, zikisema kuwa wanaodungwa hufa. Ukweli ni kuwa wengi hufa kwa kuchelewa. Tena sindano hiyo ni sehemu ya tiba: kuvu huziba njia za maji ya ubongo, shinikizo likapanda kichwani, na kuyapunguza maji hayo hupunguza maumivu na kuokoa maisha. Huenda ikarudiwa mara kadhaa.

Habari njema ni kwamba tiba imeboreka. Utafiti uliofanyiwa wagonjwa wa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2022, ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, ikifuatwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, hufanya kazi sawa na utaratibu wa zamani wa kudungwa kila siku kwa wiki nzima, na kwa madhara machache zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliupendekeza utaratibu huo mwaka huo huo. Vilevile kuna kipimo cha damu kinachotoa jibu kwa dakika chache na kinachoweza kuitambua kriptokoka kabla haijafika ubongoni. Wenye virusi ambao kinga yao imeshuka sana wanapaswa kupimwa, na wanaopatikana nayo hupewa flukonazoli mapema.

Mapafu yaliyowahi kuugua kifua kikuu yana hatari nyingine. Mashimo yanayobaki baada ya kupona huweza kukaliwa na kuvu ya Aspergillus, mgonjwa akaanza tena kukohoa, kukonda na kutema damu. Aghalabu hurudishiwa dawa za kifua kikuu, ilhali makohozi hayaonyeshi vijidudu vyake. Katika hali hiyo ni vyema daktari afikirie kuvu.

Katika maeneo makavu, wachungaji na wakulima wanaotembea bila viatu huchomwa na miiba inayoingiza kuvu chini ya ngozi. Uvimbe usiouma huota, ukafanya matundu na kutoa chembe nyeusi au nyeupe, na baada ya miaka hula hadi mfupa. Ugonjwa huo, uitwao maisetoma, WHO iliuingiza katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka wa 2016. Husababishwa na kuvu au na bakteria fulani, na tiba za aina hizo mbili ni tofauti kabisa. Wahenga waliposema mdharau mwiba mguu huota tende, ni kana kwamba walikuwa wameuona.

Sumu si ambukizo

Msomaji asichanganye maradhi haya na sumu ya aflatoksini. Kuvu ya Aspergillus flavus inapoota kwenye mahindi au njugu zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hutoa sumu inayoharibu ini. Mnamo 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa humu nchini, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Aliyekula hana kuvu mwilini, na dawa za kuvu haziwezi kumsaidia. Kupika nako hakuiondoi sumu. Kinga ni kukausha nafaka ipasavyo kabla ya kuiweka ghalani na kuitupa iliyoota.

Dawa chache, usugu unaoongezeka

Ikilinganishwa na orodha ndefu ya dawa za bakteria, makundi ya dawa za kutibu kuvu iliyoenea mwilini huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna chanjo hata moja iliyoidhinishwa kwa binadamu. Oktoba 2022, WHO ilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, zikiwa 19. Nne ziliwekwa katika daraja la juu kabisa: kriptokoka, Aspergillus fumigatus, Candida albicans na Candida auris. Hii ya mwisho ilielezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka wa 2009 ikiwa imetolewa katika sikio la mgonjwa, na tangu hapo imezuka katika hospitali za mabara mengi, Kenya ikiwemo. Hukaa kwenye vitanda na vifaa, na baadhi yake hazisikii dawa yoyote ya kawaida.

Mwaka wa 2021, wakati wa janga la Covid-19, India ilishuhudia maelfu ya wagonjwa wa kisukari waliokuwa wamepewa steroidi wakishambuliwa na kuvu nyeusi iliyowaharibu pua na macho.

Ya kuzingatia

Mtu akipata baka la ngozi lisilopona kwa wiki mbili, aende akapimwe. Magamba machache ya ngozi yakitazamwa kwa hadubini hutosha mara nyingi kutofautisha choa na ukurutu, na baka lililokufa ganzi laweza kuwa ukoma. Miguu ikaushwe vyema katikati ya vidole, soksi zibadilishwe kila siku, na taulo na vitana visichangiwe. Kinyozi aombwe kusafisha mashine kwa dawa. Dawa za kuvu zimezwe au zipakwe hadi siku zilizoagizwa zitimie, hata kama mwasho umekwisha. Anayeishi na virusi vya Ukimwi akiumwa na kichwa kwa siku nyingi asingoje; na daktari akipendekeza sindano ya mgongo, jamaa wamsikilize.

Zaidi ya yote, kabla ya kununua dawa, tuulize kwanza ugonjwa umeletwa na nini. Dawa ya bakteria haiui kuvu, na krimu ya kutuliza mwasho si dawa ya choa. Swali hilo moja, likiulizwa mapema na kujibiwa maabara, humwondolea mtoto mapunye, humwokolea mchungaji mguu na humhifadhia mgonjwa uhai.